Nimonia: eksirei, altrasaundi au maabara? Kila kipimo na swali lake

Ndugu wa mgonjwa akifika dirishani kwetu maabara na karatasi yenye alama za vema saba au nane, swali lake huwa moja: kati ya hivi vyote, kipi hasa ndicho kipimo cha nimonia? Nami humjibu ukweli, kwamba hakuna. Malaria ina kipimo chake, mimba ina chake, kisukari kina chake. Nimonia ni jina la hali. Vifuko vidogo vya hewa ndani ya pafu vimejaa usaha na majimaji, na aliyevijaza anaweza kuwa bakteria, virusi au fangasi. Kwa hiyo daktari ana maswali matatu mkononi. Je, kweli pafu limeshambuliwa, au ni mafua na mkamba tu? Mgonjwa amezidiwa kiasi gani? Na kimelea ni kipi?

Picha hujibu swali la kwanza. Kuhesabu pumzi na kupima oksijeni hujibu la pili. Maabara hujitahidi kujibu la tatu, na nasema hujitahidi kwa sababu mimi ni mtu wa maabara na najua ni mara ngapi tunarudisha karatasi bila jina la kimelea. Mkanganyiko mwingi ninaouona hutokana na kipimo cha swali moja kupewa swali jingine. Eksirei huulizwa kama ni virusi au bakteria. Picha kamili ya damu huulizwa kama pafu lina nimonia. Vyote viwili hutoa jibu, lakini si jibu la kutegemewa.

Kabla ya mashine yoyote

Naanza na mambo yasiyohitaji maabara wala chumba cha eksirei, kwa kuwa ndiyo yanayotakiwa kutangulia na ndiyo yanayorukwa.

Mtoto mwenye kikohozi huhesabiwa pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Shirika la Afya Duniani, WHO, limeweka mipaka: pumzi 60 au zaidi kwa dakika kwa aliye chini ya miezi 2, pumzi 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5. Akipita mpaka huo, au kifua kikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, tayari kuna sababu ya kuanza matibabu bila kusubiri karatasi yoyote. Kasoro ya njia hii inajulikana: homa kali, pumu na malaria pia humfanya mtoto apumue haraka, hivyo wapo watakaopewa antibiotiki bila kuwa na nimonia ya bakteria. Mimi naikubali kasoro hiyo. Mwaka 2019 nimonia iliua watoto 740,180 wa chini ya miaka 5 duniani, asilimia 14 ya vifo vyote vya umri huo, na mtoto anayehangaika kupumua hana siku mbili za kusubiri bakteria waote kwenye sampuli maabara.

Halafu kuna oksimita, kile kifaa kinachobana kidole kama kibanio cha nguo. Kanuni yake ilibuniwa na mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kama ningeruhusiwa kuweka kifaa kimoja tu katika kila chumba cha kuonea wagonjwa, ningeweka hiki. Ulinganishe na macho. Midomo huwa ya bluu baada ya oksijeni kushuka sana, na kwa ngozi nyeusi hata hapo si rahisi kuona. Oksimita hukuonyesha mapema. Ikisoma chini ya asilimia 90, mgonjwa anahitaji oksijeni na kitanda, hata kama bado anazungumza vizuri. Ila izingatie vizuri: mkono wa baridi, kidole kinachotikisika na rangi ya kucha huivuruga. Tena imeonekana kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi huweza kusoma juu kuliko hali halisi ilivyo. Kwa hiyo 92 kwa mtu mweusi anayehema si namba ya kumrudisha mgonjwa nyumbani nayo.

Kwa mtu mzima, madaktari wengi hutumia hesabu iitwayo CURB-65. Ni alama tano: kuchanganyikiwa akili, urea ya damu kupita 7, pumzi 30 au zaidi kwa dakika, shinikizo la damu kushuka chini ya 90 kwa namba ya juu au kufika 60 na chini yake kwa namba ya chini, na umri wa miaka 65 au zaidi. Asiye na alama, au mwenye moja, mara nyingi hutibiwa akiwa nyumbani. Mwenye mbili hufikiriwa kulazwa. Tatu na kuendelea ni hatari. Utaona kwamba maabara hapo imeombwa kitu kimoja tu, urea, kipimo ambacho watu hudhani ni cha figo peke yake. Na wazee wana lao: wengi hawapandi homa kabisa. Mzee aliyeanza ghafla kuongea mambo yasiyoeleweka anaweza kuwa na nimonia kabla hata hajakohoa.

Eksirei au altrasaundi?

Hapa ndipo penye chaguo la kweli, kwa sababu zote mbili zinajibu swali moja: je, pafu limejaa?

Eksirei ina umri mkubwa. Wilhelm Röntgen aligundua mionzi hiyo mwaka 1895, na hadi leo picha ya kifua ndiyo inayotumika zaidi kuthibitisha nimonia kwa watu wazima. Uzuri wake ni kwamba inaonyesha kifua kizima kwa pigo moja. Daktari aliyeitafuta nimonia anaweza kukuta moyo uliopanuka, tundu la kifua kikuu, au uvimbe ambao hakuna aliyeufikiria. Picha inabaki, mwingine anaweza kuiangalia upya, na ya mwezi ujao ikalinganishwa nayo. Mionzi yake ni midogo. Picha za kifua za mbele na ubavuni kwa pamoja hutoa takriban milisivati 0.1, kiasi ambacho mwili hupokea kutoka ardhini na angani kwa wiki mbili hivi za maisha ya kawaida.

Udhaifu wake hausemwi vya kutosha. Katika saa za mwanzo za ugonjwa picha inaweza kuwa safi kabisa huku mgonjwa akiwa na nimonia, kwa kuwa kivuli huchelewa kuliko dalili. Nimonia iliyojificha nyuma ya moyo au karibu na kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo huponyoka. Picha aliyopigwa mgonjwa akiwa amelala, au asiyeweza kuvuta pumzi ndani, huwa na ukungu unaoweza kusomeka vyovyote, na wasomaji wawili wazuri wa picha hutofautiana mara nyingi kuliko wagonjwa wanavyodhani. Zaidi ya yote, kivuli hakina jina. Wapo wanaofundishwa kwamba kivuli kizito cha upande mmoja ni bakteria na kilichotapakaa pande zote ni virusi. Ni mwelekeo tu, na umekosea wagonjwa wengi kiasi kwamba si wa kuamulia dawa.

Altrasaundi ina hadithi ninayoipenda. Kwa miaka mingi ilisemekana kwamba haifai kwa mapafu, na sababu ilikuwa ya kweli: mawimbi ya sauti yakigonga hewa hurudi, hayapenyi. Pafu zima ni hewa, kwa hiyo halionekani. Lakini pafu lenye nimonia limepoteza hewa. Limejaa majimaji, limekuwa zito kama ini, na kwenye kioo cha mashine linafanana na ini kweli, lenye vidoa vyeupe vya hewa iliyobaki kwenye mirija. Yaani ugonjwa wenyewe ndio unaofungua dirisha. Kabla halijafikia hapo, pafu lenye majimaji huonyesha mistari myeupe inayoshuka wima kutoka juu ya kioo hadi chini, na mpimaji mzoefu huihesabu. Mikononi mwa mtu huyo, tafiti zilizokusanywa pamoja zimeonyesha altrasaundi ikinasa zaidi ya nimonia 9 kati ya 10, na kwa watoto, ambao kifua chao ni kidogo na chembamba, inafanya vizuri zaidi.

Haina mionzi. Inakuja kitandani kwa mgonjwa. Inaweza kurudiwa asubuhi na jioni. Na kwenye jambo moja inaiacha eksirei mbali sana: maji yaliyokusanyika kati ya pafu na ukuta wa kifua. Eksirei ya mgonjwa aliyesimama huhitaji takriban mililita 200 ili ionyeshe maji hayo waziwazi. Altrasaundi huyaona yakiwa mililita 20 hivi. Tena humwonyesha daktari kama ni maji mepesi au usaha uliogawanyika vyumba vyumba, na mahali salama pa kuchoma sindano.

Udhaifu wake ni miwili. Haioni kitu kilicho katikati ya pafu kisichogusa utando wa nje, maana hewa safi iliyo mbele yake inaziba njia. Na inategemea mkono. Eksirei iliyopigwa na mtu wa kawaida inaweza kusomwa baadaye na bingwa. Altrasaundi iliyopitishwa haraka haraka na asiyefundishwa mapafu haina wa kuirekebisha, kwa kuwa pale asipopapitisha kifaa hakuna picha. Kupima pafu ni stadi tofauti na kupima mimba, hata kama mashine ni ileile.

Nikiulizwa mimi: kwa mtoto, kwa mjamzito, kwa mgonjwa asiyeweza kusogezwa, na popote panaposhukiwa maji, altrasaundi kwanza, ikiwa yupo aliyefundishwa. Kwa mtu mzima anayetembea, hasa mvutaji sigara au mwenye kikohozi cha wiki kadhaa, eksirei kwanza, kwa sababu kwake nimonia ni mojawapo tu ya mambo yanayotafutwa. Na mjamzito ambaye altrasaundi ya mapafu haipatikani kwake asinyimwe eksirei. Mtoto aliye tumboni hupata mionzi kidogo mno picha inapolenga kifua, na nimonia isiyotibiwa ina madhara makubwa zaidi kwao wote wawili.

Siti skani, na watu wanaoiomba mapema

Hakuna picha inayoona pafu vizuri kama siti skani, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili kipande kwa kipande. Mgonjwa wa kwanza alipigwa mwaka 1971, na Godfrey Hounsfield aliyeibuni akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Inaona nimonia ambayo eksirei imeikosa. Kwa sababu hiyo wapo wanaoona kwamba ndiyo ingekuwa ya kuanzia.

Siafiki. Siti skani ya kifua hutoa takriban milisivati 6, sawa na zaidi ya miaka miwili ya mionzi ya asili, na kwa mgonjwa wa kawaida wa nimonia matokeo yake hayabadilishi dawa hata moja. Mahali pake ni pale mambo yanapokataa kueleweka: mgonjwa ambaye dawa hazimgusi, jipu ndani ya pafu, uvimbe unaoshukiwa kuziba mrija, damu iliyoganda kwenye mishipa ya pafu ikijifanya nimonia, au mtu ambaye kinga yake imeshuka sana na eksirei yake ni safi huku oksijeni ikiporomoka. Hapo ni kipimo kikubwa kweli. Wakati mwingine hufanywa kwa kuchoma dawa ya kuonyesha mishipa, ndiyo maana maabara huombwa kreatinini kwanza, kuona kama figo zitaihimili.

Damu: picha kamili, CRP na prokalsitonini

Vipimo hivi vitatu havitafuti kimelea. Vinatazama jinsi mwili unavyopambana, na tofauti yao kubwa iko katika kasi.

Picha kamili ya damu ndiyo ya kawaida zaidi na ndiyo inayosomwa vibaya zaidi. Chembe nyeupe zikipita 15,000 bakteria hushukiwa, lakini virusi vinaweza kuzipandisha, dawa za steroidi huzipandisha, hata kulia kwa mtoto wakati wa kuchomwa sindano huzipandisha kidogo. Zikiwa za kawaida hazimtoi mtu kwenye nimonia. Inayonishtua mimi ni karatasi yenye chembe nyeupe chini ya 4,000 kwa mgonjwa aliyezidiwa, kwa sababu huweza kumaanisha kwamba mwili umeanza kushindwa. Picha hii pia huonyesha upungufu wa damu, jambo linaloongeza uzito wa kila kitu kingine.

CRP, protini ya damu inayopanda mwili unapokuwa na uvimbe, ina undugu wa damu na nimonia. Iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis katika damu ya wagonjwa wa nimonia ya pneumokokasi; herufi C katika jina lake ni ile sehemu ya ukuta wa bakteria huyo iliyogandamana na kitu kilichokuwemo kwenye damu yao. Huanza kupanda saa 6 hadi 12 baada ya maambukizi, hufika kilele baada ya siku mbili hivi, na uvimbe ukitulia hupungua nusu kwa kila saa 19. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2014 uliwapa madaktari wa nje ya hospitali mipaka ya kutumia pale wanaposhindwa kuamua: chini ya miligramu 20 kwa lita, usitoe antibiotiki, kati ya 20 na 100, andika dawa lakini mgonjwa aichukue tu akizidiwa, juu ya 100, toa. Napenda jinsi mipaka hiyo inavyokubali kuwepo kwa eneo la katikati. Kosa la kawaida ni kupima CRP mgonjwa akiwa ana saa tano tu tangu homa ianze, ikakutwa ndogo, akaambiwa yuko salama.

Prokalsitonini, nayo kitu cha kwenye damu, hupanda mapema zaidi, ndani ya saa chache, na bakteria huipandisha sana kuliko virusi. Ingeonekana ndiyo mshindi. Hata hivyo wataalamu wa mapafu na wa magonjwa ya kuambukiza wa Marekani, katika mwongozo wao wa 2019, walisema wazi kwamba mgonjwa mwenye dalili za nimonia na picha iliyothibitisha aanzishiwe antibiotiki bila kujali prokalsitonini ya mwanzo ni ngapi. Wapo wenye nimonia ya bakteria ambao kipimo hiki kiliwapita. Faida yake iko upande wa pili wa matibabu: ikishuka vizuri siku kwa siku, humpa daktari ujasiri wa kusimamisha dawa mapema.

Kwa hiyo chaguo langu kati ya hivyo vitatu ni hili. Anayetibiwa nyumbani na yuko wazi kabisa kwamba ana nimonia hahitaji hata kimoja. Mwenye utata anafaidika na CRP. Aliyelazwa apate picha kamili ya damu, urea, kreatinini na chumvi za damu, na prokalsitonini iwepo pale tu ambapo kuna mtu atakayeirudia baada ya siku kadhaa. Ikipimwa mara moja tu ni mapambo.

Kumtafuta kimelea

Sasa nimefika kwenye meza yangu.

Makohozi ndiyo sampuli ya zamani kuliko zote. Daktari Mdenmark Hans Christian Gram alikuwa Berlin mwaka 1884, akichunguza mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia, alipopata namna ya kuwapaka rangi bakteria ili waonekane. Rangi hiyo bado tunaitumia. Wengine hubaki zambarau, wengine huwa wa waridi, na ndani ya nusu saa naweza kumwambia daktari kwamba naona zambarau wawili wawili, wamechongoka kama mkuki, ndani ya chembe za usaha. Hiyo ni sura ya pneumokokasi, na ni habari kubwa kwa kipimo kidogo kama hicho.

Tatizo ni kwamba nusu ya tunacholetewa kwenye kikopo si makohozi. Ni mate. Chini ya hadubini, sampuli nzuri ina chembe za usaha zaidi ya 25 na seli za kinywa chini ya 10 kwa kila eneo la lenzi ndogo. Mate huwa kinyume chake, na tukiyaotesha tutaotesha bakteria wa mdomoni na kumpa daktari jina lisilohusika. Natamani kila anayepewa kikopo aelezwe hivi: sukutua mdomo kwa maji matupu, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kohoa kutoka chini ya kifua, toa kile kizito. Iwe asubuhi ikiwezekana, iwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, na ifike maabara ndani ya saa mbili. Dozi moja inatosha kumfanya pneumokokasi asiote, ingawa mgonjwa bado anaumwa. Kuotesha huchukua siku mbili hadi tatu, na malipo yake ni makubwa kuliko jina: tunajua pia ni dawa zipi zinamuua. Watoto wadogo humeza makohozi yao, hivyo kwao njia hii haifai sana.

Kuotesha damu ni kipimo kikali na adimu kwa majibu. Kati ya wagonjwa 100 waliolazwa kwa nimonia, kwa kawaida hawafiki 10 ambao bakteria wataota kutoka kwenye damu yao. Lakini akiota, hana ubishi, kwa sababu damu haitakiwi kuwa na bakteria. Isipokuwa ngozi haikusafishwa vizuri: hapo bakteria wa ngozi huingia kwenye chupa na mgonjwa akatibiwa ugonjwa asio nao. Ndiyo maana huchukuliwa chupa za sehemu mbili tofauti za mwili. Kwa anayerudi nyumbani sioni sababu ya kuifanya. Kwa mahututi, ichukuliwe kabla ya dawa. Ila kama mishipa imegoma, dawa isicheleweshwe kwa ajili ya chupa zetu.

Mkojo una vipimo viwili vya haraka, vya kama dakika 15. Kimoja hutafuta pneumokokasi, na kwa mtu mzima aliyezidiwa kinasaidia hata kama ameshakunywa dawa. Kwa mtoto kinadanganya, kwani watoto wengi hubeba bakteria huyo puani bila kuugua. Kingine hutafuta Legionella, aliyejulikana baada ya watu kuugua nimonia ya ajabu kwenye mkutano wa maveterani mjini Philadelphia mwaka 1976. Ilichukua miezi kumpata, kwa sababu haoti kwenye vyakula vya kawaida vya maabara. Amoksisilini nayo haimgusi. Kipimo cha mkojo hunasa kundi lake namba 1 tu, ambalo ndilo linalowaumiza wengi. Kiombwe kwa aliye mahututi, au kunapokuwa na mlipuko unaohusishwa na maji au mitambo ya kupoza hewa.

PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kimelea, ndiyo mpya na ndiyo inayopendwa. Kijiti cha pua, saa moja au chache, na orodha ya virusi na bakteria kumi na zaidi inatoka. Mafua makali ya influenza yana dawa yake, Uviko una utaratibu wake, bakteria aitwaye mykoplasma hapakiki rangi ya Gram kwa kuwa hana ukuta wa seli, na penisilini haimfanyi kitu kwa sababu hiyohiyo. Kwa hao PCR ni mkombozi. Ila inaona vipande vya vinasaba, haioni ugonjwa. Virusi waliokuwa puani tangu mafua ya wiki iliyopita wataonekana, na si lazima wawe ndio walio pafuni.

Hata tukitumia zote, tunashindwa mara nyingi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 uliwapima watu wazima zaidi ya 2,200 waliolazwa kwa nimonia nchini Marekani kwa karibu kila kipimo kilichokuwepo, na kimelea kilipatikana kwa asilimia 38 tu. Kwa watoto hali ni nyingine: utafiti wa nchi saba za Afrika na Asia uliotoka 2019 uliona virusi vikiongoza, na virusi vya RSV peke yake vikihusika na karibu theluthi moja ya nimonia kali. Ndiyo sababu karatasi iliyorudi bila jina haimaanishi mgonjwa haumwi, wala kwamba dawa isimame.

Sasa wewe ni nani?

Mtu mzima, anapumua bila shida, oksijeni nzuri, anakula na kunywa: eksirei moja ikipatikana, basi. Vingine vingi vitamchelewesha.

Mtoto anayepumua haraka lakini ananyonya au anakula na kifua hakibonyei: hata eksirei si lazima. Pumzi, oksimita, na kipimo cha malaria kama anaishi inakopatikana.

Aliyelazwa akiwa na hali mbaya ndiye anayestahili karatasi yenye alama nyingi: picha, damu iliyotajwa hapo juu, damu ya kuoteshwa, makohozi, mkojo, PCR ya influenza na Uviko, na kipimo cha oksijeni ya damu ya ateri. Yakiwepo maji kifuani yavutwe na kupimwa. Yakitoka usaha, au pH yake ikiwa chini ya 7.2, dawa peke yake mara nyingi haitoshi. Mrija wa kuyatoa unahitajika.

Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku na kupungua uzito anahitaji kwanza kipimo cha kifua kikuu. Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na WHO mwaka 2010, hutoa jibu ndani ya saa mbili na kueleza kama kimelea ni sugu kwa rifampisini. Kwa mtoto asiyeweza kutema, hata kinyesi hutumika, maana makohozi aliyomeza yamepitia huko. Nimeshaona karatasi za watu waliopewa antibiotiki za nimonia mara tatu kabla ya mtu yeyote kuandika neno hilo, GeneXpert, na ninaomba sana liandikwe mapema.

Anayeishi na VVU na kinga yake imeshuka ana orodha ya pekee. Fangasi aitwaye Pneumocystis hutoa nimonia ambayo eksirei yake inaweza kuwa safi, huku oksijeni ikishuka ghafla anapotembea hatua chache. Haoti maabara. Hutafutwa kwa rangi maalumu au PCR kwenye makohozi yaliyochochewa kwa mvuke wa maji ya chumvi, au maji yaliyosafishiwa ndani ya pafu kwa mrija wa kamera. Kwa mgonjwa huyu ndipo ninapokubali siti skani mapema.

Na baada ya kupona? Wengi hurudi kuomba picha ya pili wiki moja baadaye, wakiona kivuli bado kipo wanaogopa. Kivuli huchelewa kuja na huchelewa kuondoka. Kinaweza kubaki wiki 6 au zaidi kwa mtu ambaye homa na kikohozi vimeshakwisha, na kwa mzee zaidi ya hapo. Aliyepona vizuri ndani ya siku 5 hadi 7 hahitaji picha ya kurudia. Mvutaji sigara, aliyepita miaka 50, na yule ambaye dalili zimebaki, hao warudi baada ya wiki 6 wapigwe eksirei nyingine, kwa kuwa kivuli kisichoondoka wakati huo huenda kilikuwa saratani iliyojificha nyuma ya nimonia.